Bwawa likiwa kijani zito, nenda kaliangalie saa 11 alfajiri

Jamani mnaofuga sato, hili naomba mlisikie maana mimi limenitoa machozi. Bwawa langu lilikuwa kijani zito kama mlenda, nikawa nafurahi najua chakula cha bure kimejaa, nikazidi kumwaga samadi ya kuku. Mchana samaki wanacheza vizuri tu. Sasa baada ya siku mbili za mawingu naenda alfajiri nakuta wale wakubwa wameelea matumbo juu, waliobaki wametoa midomo wanagombania hewa.

Nikajua nimetiliwa sumu. Kumbe ni ule ukijani wenyewe! Ni saianobakteria, yaani bakteria wadogo sana wanaotumia jua kama mimea, na zenyewe zinapumua kama sisi. Mchana zinatumia jua kutengeneza sukari na kutoa oksijeni, ndo maana ukipima saa 8 mchana unaona oksijeni kibao unarudi nyumbani umeridhika. Sukari inayobaki zinaiweka akiba, inaitwa glaikojeni, jua likizama zinaichoma ili zipate nguvu za kuishi mpaka asubuhi, na kuichoma huko kunataka oksijeni, ile ile ya samaki wako. Hazina mitokondria, kile kijisehemu cha kuzalisha nguvu kilichomo kwenye seli zetu, kazi ya jua na kazi ya kupumua zote zinafanyika kwenye utando mmoja, yaani jiko moja linapika mchana na usiku. Siku ya mawingu oksijeni inayoingia ni kidogo ila usiku matumizi yako palepale.

Kuna aina inaitwa Microcystis, hata Ziwa Victoria ipo. Ndani ina vipovu vya hewa. Ikishiba sukari inakuwa nzito inazama, usiku ikishaichoma inakuwa nyepesi inapanda, ndo ule utando unaoukuta alfajiri juu ya maji kama rangi ya mafuta imemwagika.

Mimi siku hizi natumbukiza mkono, kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kiwiko, samadi basi, naingiza maji mapya kwanza. Chakula natoa saa 4 jua limeshapanda, siku ya mawingu napunguza sana. Pampu nawasha saa 8 usiku mpaka kuche, hata luku ikiuma. Na msimwage dawa mkaua ukijani wote kwa mkupuo, ukioza unakula oksijeni zaidi, halafu Microcystis ikipasuka inaachia sumu inayoharibu ini, maji hayo hata mbuzi usimnyweshe.