Mhandisi Awajibu Wasomaji: Misingi ya Kina Kifupi na Namna ya Kuichagua

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu msingi, na karibu zote zinatoka kwa watu ambao bado hawajaanza kuchimba. Jambo hilo linatia moyo, kwa kuwa msingi ni sehemu ya jengo ambayo ikishafukiwa kuirekebisha huwa kazi ngumu na ya gharama kubwa.

Ndugu Mhandisi, ninajiandaa kujenga nyumba ya kuishi isiyo na ghorofa, yenye kuta za matofali ya saruji. Fundi wangu anasema nichimbe mtaro chini ya kuta zote na kumwaga zege mfululizo. Shemeji yangu anasisitiza nianze na nguzo zenye vitako vyake, kwa madai kwamba ndivyo nyumba imara zinavyojengwa. Nimsikilize nani?

Ndugu msomaji, kabla ya kumsikiliza yeyote kati yao, jiulize uzito wa nyumba yako utashuka kwa njia gani hadi ardhini. Kama kuta ndizo zinazobeba paa, uzito unashuka kwa mstari mrefu unaofuata ukuta, na msingi unaoufaa ni ule unaofuata mstari huohuo, yaani msingi wa ukanda. Kama paa na sakafu za juu zinabebwa na nguzo, na kuta zimejazwa tu katikati yake, uzito unashuka kwenye vituo vichache na kila kituo kinahitaji kitako chake cha zege chenye nondo, ambacho mafundi wengi hukiita besi. Kwa nyumba uliyoieleza, iwapo udongo ni mgumu na wa aina moja katika kiwanja chote, fundi wako yuko sahihi. Nguzo ambazo hazibebi kitu haziongezi uimara wa nyumba, zinaongeza gharama ya nondo.

Aina hizi zote mbili ni misingi ya kina kifupi, yaani ile inayokabidhi uzito wa jengo kwa udongo ulio karibu na uso wa ardhi badala ya kuupeleka chini sana kwa nguzo ndefu za kuchimbia. Karl Terzaghi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1925 kilichochapishwa Vienna kiliweka taaluma ya udongo kwenye njia ya hesabu, aliuita msingi wa kina kifupi pale kina chake kisipozidi upana wake. Wahandisi waliomfuata wameulegeza mpaka huo hadi mara tatu au nne ya upana, lakini wazo limebaki lilelile.

Upana wa ukanda hautokani na mazoea ya fundi. Tuseme ukuta wako, pamoja na paa na msingi wenyewe, unashusha tani 4 kwa kila mita moja ya urefu, na udongo una uwezo wa kubeba kwa usalama tani 10 kwa mita moja ya mraba. Gawanya 4 kwa 10, utapata upana wa mita 0.4. Kiutendaji utaona mafundi wakichimba milimita 600, na upana huo una faida yake, maana mtu anahitaji nafasi ya kusimama ndani ya mtaro na kujenga tofali, na ukuta haukai katikati ya zege kikamilifu kama ulivyochorwa.

Kuhusu unene, zege lisilo na nondo husambaza uzito kwa pembe ya takriban nyuzi 45 kutoka kwenye ukingo wa ukuta. Kwa hiyo ukuta wa milimita 200 ukikaa katikati ya ukanda wa milimita 600, zege linachomoza milimita 200 kila upande, na unene wake usipungue milimita 200. Ukiupunguza unene na kubakiza upana, sehemu inayochomoza itakatika, na upana ulioulipia hautafanya kazi.

Mhandisi, kiwanja changu ni chembamba na nyumba yangu itakuwa ya ghorofa yenye nguzo. Nguzo za pembeni ziko kwenye mpaka kabisa, na vitako vyake vikichorwa kwa kawaida vitaingia kwa jirani. Je, naweza kukata nusu ya kitako na kubakiza nusu iliyo upande wangu?

Hapana, usifanye hivyo, na nitaeleza sababu kwa kirefu kwa kuwa kosa hili hutokea mara kwa mara.

Kitako cha nguzo hufanya kazi vizuri pale nguzo inaposimama katikati yake, kwa sababu udongo wa chini unasukumwa kwa nguvu sawa kila mahali. Nguzo yenye tani 40 juu ya udongo wa tani 10 kwa mita moja ya mraba huhitaji eneo la mita 4 za mraba, yaani kitako cha mita 2 kwa mita 2, na udongo ukiwa na uwezo mara mbili ya huo, kitako kinapungua hadi takriban mita 1.42 kila upande. Nguzo ikihama kutoka katikati, upande mmoja wa kitako unakandamiza udongo zaidi na mwingine unapunguza. Ikihama zaidi ya moja ya sita ya upana wa kitako, ukingo wa upande wa pili unaacha kabisa kuugusa udongo kwa nguvu yoyote. Sasa fikiria nguzo iliyo kwenye ukingo wenyewe wa kitako, kama unavyopendekeza: uzito wote unakusanyika kwenye ukanda mwembamba chini ya mpaka, kitako kinataka kupinduka, na nguzo inainama pamoja nacho.

Njia ya kwanza ni kuiunganisha nguzo ya mpakani na nguzo ya ndani iliyo jirani nayo juu ya kitako kimoja kirefu. Kitako hicho cha pamoja hupangwa ili kitovu chake kiangukie mahali uzito wa nguzo zote mbili unapokutana. Nguzo ya ndani ikiwa nzito zaidi, mstatili unatosha, kwa sababu unaweza kurefushwa kuelekea ndani. Nguzo ya mpakani ikiwa ndiyo nzito, kitako huchorwa kikiwa kipana upande wa mpaka na chembamba upande wa ndani.

Njia ya pili hufaa pale nguzo hizo zinapokuwa mbali kiasi kwamba kitako kimoja kingekula zege jingi bila sababu. Hapo kila nguzo hupewa kitako chake, na vitako hivyo viwili huunganishwa kwa boriti nene yenye nondo za kutosha, ambayo kazi yake ni kuzuia kitako cha mpakani kisipinduke kwa kutumia uzito wa nguzo ya ndani. Boriti hiyo isikandamize udongo, la sivyo itaanza kubeba mzigo ambao hesabu haikuupanga. Simama pale inaposukwa, uhakikishe kwamba udongo ulio chini yake umelegezwa au umeachiwa nafasi.

Kazi zote mbili zinahitaji mchoro wa mhandisi wa miundo. Msingi wa ukanda wa nyumba ndogo kwenye udongo mzuri unaweza kufuata vipimo vya kawaida, lakini msingi wa nguzo ya mpakani haukisiwi.

Udongo wa kiwanja changu ni mfinyanzi mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua. Nimeambiwa nimwage rafti chini ya nyumba yote, na kwamba nikishafanya hivyo sitakuwa na wasiwasi tena. Ni kweli?

Ni kweli kwa sehemu, na sehemu isiyo kweli ndiyo inayonisumbua.

Rafti ni bamba moja la zege lenye nondo linaloenea chini ya jengo lote. Wahandisi wengi huanza kuifikiria pale vitako vya nguzo vinapokuwa vikubwa hadi kufunika zaidi ya nusu ya eneo la jengo, kwani hapo kuchimba mashimo mengi yanayokaribiana hakuna faida. Kwa kuwa uzito wote umetandazwa, kila mita ya mraba ya udongo inabeba kidogo, na kwa kuwa bamba ni moja, sehemu moja haiwezi kudidimia peke yake kwa urahisi. Faida hii ya pili naiona kuwa kubwa kuliko ya kwanza. Jengo linaloshuka kwa usawa linaweza kuishi miaka mingi bila ufa. Nguzo mbili zilizo umbali wa mita 6 zikitofautiana kushuka kwa milimita 20, hapo kuta huanza kupasuka, na ndiyo maana wabunifu wengi hujiwekea mpaka wa milimita 12 hivi kwa umbali huohuo.

Hata hivyo, msingi mpana hufikisha uzito wake chini zaidi kuliko msingi mwembamba. Chini ya kitako cha mraba, mkandamizo hupungua hadi takriban sehemu moja ya kumi katika kina cha mara mbili ya upana wake. Kitako cha mita 1.5 kinausumbua udongo hadi kina cha mita 3 hivi, lakini bamba la mita 10 kwa mita 10 linausumbua hadi kina cha mita 20. Kama kuna tabaka laini huko chini, vitako visingelifikia, ila rafti italifikia.

Mfano unaofundishwa mpaka leo ni ghala la nafaka la Transcona, karibu na Winnipeg nchini Kanada. Lilijengwa juu ya rafti ya zege, na mnamo Oktoba 1913, lilipokuwa likijazwa nafaka, lilianza kushuka kisha likainama hadi takriban nyuzi 27 likiwa zima, bila kuvunjika. Udongo ulikuwa umepimwa kwa kukandamiza kibao kidogo juu ya tabaka gumu la juu, na kipimo hicho hakikuweza kuuona mfinyanzi laini uliokuwa chini yake. Ghala hilo lilinyanyuliwa, likaegemezwa kwenye nguzo zilizochimbiwa hadi mwambani, na likarudi kazini.

Mfinyanzi wako una tatizo la ziada, kwani hauishii kudidimia, unavimba pia. Ukinyonya maji unapanuka na kusukuma juu, ukikauka unasinyaa. Nyumba nyepesi isiyo na ghorofa ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu uzito wake ni mdogo kuliko nguvu inayoinyanyua. Bamba jembamba lisilo na maboriti litanyanyuka pembezoni mvua zikinyesha na kubaki limening'inia katikati, kisha litafanya kinyume chake wakati wa kiangazi. Ukiamua kutumia rafti, iwe ile iliyokazwa kwa maboriti yanayokatiza kila upande, ili isogee kama kitu kimoja. Kama tabaka la mfinyanzi si nene, mara nyingi ni nafuu kuliondoa lote na kujaza kifusi kizuri kinachoshindiliwa kwa tabaka nyembamba. Na kwa njia yoyote utakayochagua, maji ya paa yaelekezwe mbali na kuta na miti mikubwa isipandwe karibu, maana mizizi hukausha udongo upande mmoja wa nyumba huku upande mwingine ukibaki na unyevu.

Kwa hiyo anza kwa kuchimba mashimo ya uchunguzi katika pembe za kiwanja na katikati, yafike chini zaidi ya msingi unaoufikiria, na sampuli zipelekwe maabara. Aina ya msingi iamuliwe baada ya hapo.

Kiwanja changu kiko kwenye mteremko. Je, lazima nikate ardhi yote iwe tambarare kabla ya kuweka msingi wa ukanda?

Si lazima. Chimba mtaro kwa ngazi, kila ngazi ikiwa na sakafu iliyo sawa kabisa, kwa sababu zege lililomwagwa kwa mshazari lina tabia ya kuteleza kufuata mteremko. Zege la ngazi ya juu lilale juu ya lile la chini kwa urefu usiopungua mara mbili ya kimo cha ngazi, wala usiopungua unene wa ukanda, wala milimita 300, ukichagua kilicho kikubwa kati ya hivyo vitatu. Usilisimamishe zege hata kidogo juu ya udongo uliokatwa upande wa juu na kumwagwa upande wa chini.

Tumeshachimba mashimo ya vitako na nondo ziko tayari, lakini mvua imenyesha usiku na kuna maji ndani. Fundi anataka kuyachota na kumwaga zege leo. Pia amelaza wavu wa nondo moja kwa moja juu ya udongo. Nifanye nini?

Mwambie asubiri. Maji yakishachotwa, shuka shimoni na ukanyage: kama unyayo unaacha alama na tope linapanda kati ya vidole, tabaka hilo halitabeba kitu na linapaswa kukwanguliwa mpaka ufike kwenye udongo mkavu usiobonyea. Pengo litakalobaki lijazwe kwa zege, kwa kuwa udongo uliorudishwa hata ukishindiliwa kwa miguu hautakuwa kama ule wa asili. Siku hiyohiyo mwaga zege jembamba la kusawazishia, la milimita 50, ili mvua nyingine isikurudishe nyuma.

Wavu wa nondo ni kweli unakaa upande wa chini wa kitako, kwa sababu udongo unaposukuma juu kitako hujikunja na kuvutika upande wa chini, na zege peke yake halivumilii kuvutwa. Lakini ukilala juu ya udongo utapata kutu, na nondo yenye kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Uinuliwe kwa vipande vidogo vya zege ili ubaki na milimita 40 za zege chini yake pale palipo na tabaka la kusawazishia, au milimita 75 kama zege linamwagwa moja kwa moja kwenye udongo. Vipande vya tofali au mawe visitumike badala yake, maana tofali hunyonya maji na kuyafikisha kwenye nondo. Pima kwa futi kabla zege halijaanza kumwagwa, na pima tena watu wakishapita juu ya wavu, kwa kuwa hapo ndipo vipande hivyo huanguka.