Spoti na mvua ya Mwanza: kwa mnaoanza

Wengi mnaohamia kwenye pikipiki za spoti hapa Mwanza mmejifunzia Boxer au TVS. Si vibaya hata kidogo. Aliyezoea kutoka Buzuruga hadi Nyegezi na pikipiki ya CC 150 anajua daladala itasimama wapi bila taarifa, na anaijua bajaji inayokata kona bila indiketa. Ila mwili umebeba mazoea, na mazoea hayo ndiyo yanayowaangusha watu siku ya kwanza ya mvua wakiwa juu ya CC 600. Nimeendesha spoti misimu mingi katika mji huu, nimeona vijana wazuri wakiokotwa kwenye lami iliyolowa, na karibu kila mara chanzo kilikuwa kilekile: kuna jambo lilifanywa ghafla. Breki ghafla, mafuta ghafla, kona ghafla, gia imeshushwa na klachi ikaachiwa ghafla. Lami iliyolowa bado inashika tairi, tena kuliko mnavyodhani, lakini inataka kuombwa taratibu.

Nianze na breki, maana ndiko mazoea ya bodaboda yanakouma zaidi. Kwenye pikipiki ya kazi, hasa ikiwa na abiria au gunia la mkaa nyuma, breki ya mguu inafanya kazi kubwa na watu wanaiamini. Spoti ni kinyume chake. Diski kubwa mbili ziko mbele, na ukibana breki uzito wote unakimbilia mbele, tairi la nyuma linabaki jepesi. Ukikanyaga mguu kwa nguvu kwenye maji, gurudumu la nyuma linajifunga na mkia unaanza kukupita pembeni. Kwa hiyo jifunze mkono. Weka vidole viwili kwenye mkono wa breki, gusa, kisha subiri shokapu za mbele zizame kidogo. Zikizama, ujue tairi la mbele limekandamizwa na limejitandaza barabarani. Hapo sasa ongeza kubana. Anayebana yote kwa mkupuo anafunga gurudumu kabla uzito haujafika mbele, na gurudumu la mbele likijifunga kwenye maji hupati muda wa kufikiri. Kati ya mtu huyu na yule aliyesubiri kuna tofauti ya chini ya sekunde moja.

Pikipiki yako ikiwa na ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge ukibana breki, mshukuru Mungu, lakini ABS ya kawaida imetengenezwa kwa pikipiki iliyonyooka. Ukiwa umelala kwenye kona haikuahidi chochote. Breki zote zimalizie kabla ya kona, wakati pikipiki imenyooka. Jambo lingine linalosahaulika: diski iliyolowa inachelewa kushika, kwa sababu mguso wa kwanza unafuta maji tu. Ukiikaribia makutano ya Mabatini au kipilefti chochote cha mjini, gusa breki kidogo mapema ili zikauke, halafu zitumie.

Ndiyo maana nafasi ni muhimu. Kwa kilomita 60 kwa saa unakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Kwenye lami kavu nawaambia watu waache sekunde mbili nyuma ya gari. Kwenye mvua acha nne au zaidi. Chagua alama barabarani, gari la mbele likiipita anza kuhesabu, ukiifikia kabla ya nne punguza mwendo. Watakuja wa kuingia katikati yako na gari hilo, hasa daladala. Waache waingie, kisha tengeneza nafasi nyingine.

Mafuta nayo yana adabu yake. Tembea gia moja juu kuliko ulivyozoea. Mahali ambapo ungekuwa gia ya pili, weka ya tatu. Nguvu inafika gurudumuni imepoa na tairi halizunguki bure kwa kuteleza. Toka kwenye kona kwa kufungua mkono polepole, na usifungue vizuri mpaka pikipiki isimame wima. Ukishusha gia, rudisha klachi kidogo kidogo, au pandisha resi kidogo kabla ya kuiachia, la sivyo injini yenyewe italifunga gurudumu la nyuma na wewe hujagusa breki yoyote. Pikipiki nyingi mpya zina mpangilio wa mvua kwenye dashibodi. Uwashe. Sioni fahari yoyote katika kuuacha.

Sasa matairi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Spoti nyingi tunazopanda zimekuja zikiwa zimetumika, nyingine zimekaa muda mrefu kabla ya kuuzwa. Unaona tairi lina mifereji mizuri, linang'aa, unafurahi. Angalia ubavuni, kwenye maandishi ya DOT, utakuta tarakimu nne za mwisho. Ikiandikwa 2314, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira wa zamani unakuwa mgumu, na mpira mgumu kwenye maji ni hatari hata kama haujaguswa na barabara. Tairi kipara silizungumzii. Ukiona mifereji imefika kwenye vile vialama vya mwisho vilivyo ndani yake, badilisha. Upepo usipunguze eti kwa sababu ya mvua. Mifereji inasukuma maji nje vizuri tairi likiwa na upepo wake sawa. Likilegea inajifunga, na tairi linaanza kuelea. Soma kibandiko cha kiwanda karibu na cheni. Spoti nyingi za barabarani zinataka kama PSI 36 mbele na 42 nyuma, lakini cha pikipiki yako ndicho cha kufuata, na pima kabla hujatoka, tairi likiwa baridi.

Kama unanunua tairi jipya, usidanganywe na yale ya mashindano. Yanataka joto ili yashike, na mvua inayapoza kila mzunguko. Tairi la spoti lililotengenezwa kwa safari ndefu litakufaa zaidi kati ya Oktoba na Mei.

Barabara zetu zina mitego yake. Mvua za kwanza baada ya kiangazi ndizo mbaya kuliko zote. Kuanzia Juni hadi Septemba lami imekusanya oili, dizeli, vumbi na unga wa matairi. Manyunyu ya kwanza yanaviinua vyote vikaelea juu. Mvua kubwa ikipiga nusu saa inasafisha. Manyunyu hayasafishi kitu, yanachanganya tu. Mtu anayeogopa mvua kubwa halafu anatoka kifua mbele kwenye manyunyu amekosea hesabu.

Upande wa Kirumba kuna Mwaloni, soko la samaki na dagaa. Magari yanayotoka kule hudondosha maji ya samaki, na maji hayo yana mafuta. Usikae nyuma ya gari la samaki, wala usipite kwenye mstari wake. Kwenye stendi na vituo vya mafuta tafuta rangi za upinde kwenye maji: hiyo ni dizeli, nayo humwagika zaidi pale basi au tipa lililojaza tangi linapopinda. Ukinusa dizeli ndani ya helmeti kabla hujaiona, umeshachelewa kidogo. Nyoosha pikipiki na usiguse kitu.

Mji wetu huu wa mawe una tatizo lingine. Maji yanayoshuka kutoka milimani Bugando, Igogo na Mabatini yanabeba mchanga, na mchanga unatua chini, mahali hasa unapotaka kupinda. Mvua imeisha, jua limetoka, lami imekauka, mchanga bado upo. Zile barabara za mawe zinazopanda mitaani zikilowa hazina urafiki na tairi pana la spoti. Kama nyumbani kwako ni huko juu, panda wima, gia moja, bila kusimama katikati. Rasta za barabarani, rangi nyeupe za pundamilia, vifuniko vya chuma na reli vyote vinateleza. Reli ikatize kwa pembe mraba, mafuta yakiwa yametulia, breki hapana.

Ukiwa kwenye njia yako, fuata mstari wa matairi ya gari la mbele, maana limeshafagia maji. Mimi napenda ule wa kulia, karibu na katikati ya barabara, kwa sababu kushoto kuna mchanga, bodaboda na watu wanaoruka madimbwi. Lakini mahali ambapo malori yamechimba mifereji kwenye lami, maji yanalala humohumo, hapo hama.

Na Mto Mirongo ukifurika, usiuvuke. Spoti iko chini, na chini ya maji ya rangi ya chai huwezi kujua kama kuna lami au mtaro uliofunguka. Simama, kunywa uji, subiri.

Kuhusu hali ya hewa, ziwa lina tabia ambazo mtu wa hapa anaweza kuzisoma. Usiku upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mawingu yanajijenga juu ya maji. Mchana upepo unageuka na mawingu yanajijenga juu ya nchi kavu. Asubuhi tazama ziwani: Kisiwa cha Saanane kikipotea machoni, una dakika chache tu. Alasiri tazama upande wa Kisesa na Magu. Kabla ya mvua unakuja upepo wa baridi wa ghafla, nao unapiga spoti ubavuni kwa sababu ya yale mabodi yake. Utauhisi zaidi ukivuka Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, hakuna mti wala nyumba ya kukukinga. Bana tangi kwa magoti, legeza mikono, acha pikipiki icheze kidogo chini yako. Ukiushikilia usukani kwa nguvu, kila mtikisiko wa mwili wako unakuwa usukani.

Radi si ya kujadili. Eneo la Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yenye radi nyingi duniani, na kwenye mbuga za Magu wewe ndiye kitu kirefu barabarani. Ingia kwenye jengo. Chini ya mwembe, hapana.

Vaa koti la mvua kabla mvua haijaanza, si pembeni ya barabara huku malori yakikupita. Glovu zisizopitisha maji ni breki pia, kwa sababu vidole vilivyoganda havihisi chochote. Kioo cha helmeti kikianza kuota ukungu fungua kidogo kwa chini. Ukipaka sabuni ya maji kidogo ndani na kuifuta mpaka ikauke, ukungu unapungua. Jioni baada ya mvua kumbikumbi hutoka kwa wingi kwenye taa. Beba kitambaa chenye maji, maana ukiwafuta wakavu wanapakaa kioo chote. Abiria siku ya mvua usimbebe.

Halafu fanya mazoezi. Siku ya mvua isiyo na radi, tafuta lami tupu uliyoruhusiwa kuitumia, ukague mafuta na mchanga kwa miguu kwanza. Anza kilomita 20 kwa saa, pikipiki imenyooka: gusa, subiri, bana, simama. Rudia mpaka mkono ufanye bila kuambiwa. Kisha 30, kisha 40. Ukirudi nyumbani, futa cheni na uipake oili ikiwa bado ina joto.