Mashine itamkana mama?

SWALI: Salamu, daktari. Sisi ni Wakongomani, tunaishi Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda. Wakati wa uhakiki wa wakimbizi mwaka 2018, mama alichukuliwa alama za vidole na picha ya macho. Vidole vyake jembe limevimaliza, havisomeki, kwa hiyo tegemeo ni macho. Sasa amepasuliwa mtoto wa jicho, la kulia. Anaogopa siku ya mgao mashine ya kusoma macho itamkana. Tena majirani wanasema mwanga wake unachoma. Ni kweli?
Mama Furaha, Nakivale

JIBU: Mama Furaha, la kuchoma lisiwasumbue. Ile ni kamera tu, inatumia mwanga hafifu wa infraredi usioonekana kwa macho. Na kwetu sisi wenye macho meusimeusi mwanga huo ndio unaofaa: kwa picha ya kawaida, lile duara la rangi linaloizunguka mboni hutoka giza tupu, lakini kwa infraredi nyuzi na vishimo vyake vyote hujitokeza. Michoro hiyo mtu huzaliwa nayo. Hata mapacha wa kufanana hutofautiana. Sharbat Gula, mkimbizi wa Afghanistan aliyepigwa picha akiwa msichana mwaka 1984, alithibitishwa kuwa ndiye yule yule mwaka 2002 kwa michoro hiyo, pale John Daugman, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alipolinganisha macho yake ya picha za zamani na mpya.

Tuje kwenye upasuaji. Mtoto wa jicho hukaa kwenye lenzi, nyuma ya duara hilo. Lenzi iliyofifia hutolewa, ya bandia huwekwa, duara hubaki. Kwa kawaida mashine humtambua mtu. Ila wapo wazee ambao baada ya kupasuliwa mboni huvutwa upande ikawa kama tone la maji, na hapo picha mpya inaweza isifanane na ile ya zamani. Mtazame mama mchana, nje: mboni ya kulia ni mviringo kama ya kushoto? Kama ndiyo, sina wasiwasi naye. Kama sivyo, jicho la kushoto halikuguswa, na uhakiki ule ulichukua yote mawili. Waambie waanze na hilo.

Avue miwani. Kope zikilegea, mwinulie kwa kidole. Asiende siku aliyotiwa dawa ya kupanua mboni. Achukue karatasi ya hospitali inayoonyesha upasuaji, na ikishindikana aombe wamsajili macho upya. Akiambiwa tu "rudi mwezi ujao", asiondoke, amwombe msimamizi: njaa haingoji mashine.

Halafu, akija mtu na kikamera chake, nje ya uhakiki, akiahidi pesa kwa picha ya macho, mfukuzeni. Namba ya siri ikiibwa utabadilisha. Jicho utabadilisha na nini?