Maswali na Majibu: Chai, Majani na Muda

Baada ya toleo lililopita kushughulikia wali, barua nyingi zilizotufikia zilihusu chai, na karibu zote ziliyalaumu majani: kwamba hayakolei, kwamba ni machungu, kwamba ya zamani yalikuwa bora. Nilipozisoma kwa makini niliona kwamba katika nyingi kati ya hizo majani hayana hatia. Kilichoharibika ni mpangilio wa kazi jikoni, yaani kipi kitangulie kuingia kwenye sufuria na kikae humo kwa muda gani. Nimechagua barua sita.

Chai yangu ya rangi huwa kali mpaka ulimi unakauka, lakini nikipunguza majani inakuwa kama maji yaliyosuuzia birika. Nakosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Unachokieleza si uchungu bali ni ukakasi, ule anaoujua kila aliyewahi kuuma bibo au ndizi mbichi. Ukakasi huo huletwa na tanini, ambazo hutoka kwenye majani polepole na kuzidi kutoka kadiri yanavyoendelea kukaa ndani ya maji ya moto. Pwani chai isiyo na maziwa huitwa mkandaa, na mkandaa ni mmojawapo wa miti ya mikoko, ambao gome lake limetumika tangu zamani kutilia rangi na kutengenezea ngozi kwa sababu lina tanini nyingi. Huenda walioipa chai jina hilo waliutazama wekundu wake tu, lakini kwa upande wa ulimi pia hawakukosea.

Sehemu kubwa ya chai inayouzwa madukani kwetu, iwe ya Mufindi, Rungwe au Kericho, ni ya punjepunje. Kiwandani majani mabichi hupitishwa katikati ya roli zenye meno zinazozunguka kwa kasi tofauti, yakapondwa, yakachanwa na kuviringwa, kisha huachwa yavute hewa mpaka yabadilike rangi kabla ya kukaushwa. Chai iliyotengenezwa hivyo hutoa rangi na ladha yake kwa dakika chache tu, kwa hiyo ukiichemsha robo saa huipati ladha zaidi, ila unaikamua tanini zilizobaki. Dawa basi ni kupunguza muda na kuyaacha majani katika kipimo chake. Bandika lita moja ya maji, na yakitokota vizuri yaipue, utie vijiko vinne au vitano vidogo vya majani, vilivyo bapa na visivyorundikwa, ufunike kwa dakika nne, kisha uchuje mara moja. Kuchuja ndiko watu wengi wanakokusahau: majani yakibaki ndani ya birika, kikombe cha kwanza kitakuwa kizuri na cha tatu kitakuwa cha kutengenezea viatu.

Kipo kiwango cha kimataifa cha kuandaa chai ya kuonja, ISO 3103, kilichotolewa kwanza mwaka 1980, kinachotaka gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji na muda wa dakika 6. Nakitaja kwa sababu wapo wanaokinukuu kama kanuni ya chai bora, ilhali kiliwekwa ili waonjaji wapate kulinganisha chai moja na nyingine kwa kipimo kimoja. Mtu anayetaka kunywa chai na andazi asijitese nacho.

Kila nikitia tangawizi, maziwa hukatika. Mwenye duka anasema maziwa yake ni mazima. Nani mkweli? (Msomaji, Tanga)

Inawezekana kabisa kwamba mwenye duka ni mkweli. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, na hufanya kazi hiyo kwa bidii zaidi maziwa yanapokuwa ya moto lakini hayajachemka. Katika jimbo la Guangdong nchini China watu hutumia tabia hiyohiyo kwa makusudi: humimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi, yakaganda, wakayala kwa kijiko. Kwa mnywa chai, hata hivyo, hiyo ni hasara.

Kimeng'enya hicho huharibiwa na joto kali. Ponda tangawizi, itie kwenye maji peke yake pamoja na iliki, mdalasini na karafuu moja au mbili, uache vitokote kwa dakika kumi hivi. Viungo havifanani na majani, kwa kuwa vyenyewe ni vigumu na hupenda kuchemka. Baada ya hapo mimina maziwa, subiri yapande, na hapo ndipo utie majani, uyaache yatokote kwa dakika mbili au tatu tu kabla ya kuipua na kuchuja. Wengi hufanya kinyume, wakaanza na majani na kumalizia na tangawizi iliyokunwa, halafu wakamlaumu ng'ombe. Katika chai ya maziwa naongeza kijiko kimoja cha majani kwa kila lita, kwa sababu protini za maziwa hushikana na tanini na kuupoza ukakasi, na chai isiyokolea humezwa na maziwa kabisa.

Ukitaka kumtendea haki mwenye duka, chemsha maziwa kidogo peke yake kwenye sufuria safi. Yakikatika bila tangawizi, yalikuwa yameanza kuchacha, na unayo haki ya kuyarudisha.

Tunatumia maji ya kisima. Chai huwa na utando juu yake kama mafuta, na vikombe vinabaki na mistari ya kahawia. Je, ni uchafu? (Msomaji, Mombasa)

Si uchafu, wala si mafuta. Visima vingi vya pwani vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa, na maji yake hubeba madini ya kalsiamu. Maji ya namna hiyo huitwa maji magumu, na utayatambua kwa jinsi sabuni inavyokataa kutoa povu. Kalsiamu hukutana na kemikali za chai, na huo utando ukajitokeza juu ya kikombe.

Chemsha maji mapema, yaache yatulie mpaka unga mweupe ushuke chini, kisha umimine taratibu ya juu na kuyachemsha upya kwa ajili ya chai. Kama unakinga maji ya mvua kutoka kwenye paa safi, yatenge kwa chai, kwani hayana chokaa. Matone machache ya ndimu nayo huondoa utando, lakini kwenye chai ya rangi pekee. Kwenye maziwa yatakurudisha kwenye swali la msomaji wa Tanga. Ikiwa maji yana chumvi, kuyachemsha hakutasaidia chochote.

Nimehamia Limuru kutoka Malindi. Majani ni yaleyale na kipimo ni kilekile, lakini chai haikolei. (Msomaji, Limuru)

Umehamia mahali ambapo miche ya kwanza ya chai nchini Kenya ilipandwa, mwaka 1903, na ni ajabu kidogo kwamba hapo ndipo unapopata taabu ya kuipika. Sababu ni mwinuko. Kila unapopanda mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwa joto lililopungua kwa takribani nyuzi moja ya Selsiasi. Limuru iko kwenye mita zipatazo 2,200, kwa hiyo maji yako hutokota yakiwa kwenye nyuzi 93 hivi, na hata ukichochea moto hayatazidi hapo. Yaache majani yatokote taratibu kwa dakika moja au mbili badala ya kuyalowesha tu, na uvipashe vikombe kwa maji ya moto kwanza. Kwa sababu hiyo siwalaumu sana watu wa nyanda za juu wanaochemsha chai pamoja na majani. Ni sisi wa pwani tusio na udhuru.

Nauza chai asubuhi. Ya kwanza husifiwa, lakini ikifika saa nne wateja wanasema imelala. Nafanyaje? (Mama lishe, Dar es Salaam)

Wateja wako wanasema kweli. Chai inayokaa kwenye chupa hubadilika rangi na kupoteza harufu hata kama imechujwa, na ile ya maziwa huchoka mapema zaidi. Nakushauri upike maji ya viungo kwa wingi alfajiri, kwani yenyewe huvumilia, kisha utengeneze chai kidogo kidogo: chupa moja ikikaribia kwisha, chemsha maji hayo na maziwa, utie majani, uchuje, ujaze chupa nyingine. Suuza chupa kwa maji ya moto kabla ya kuijaza, na kila jioni uoshe kizibo peke yake, kwa sababu ndicho kinachotunza harufu ya jana. Kahawia iliyoganda ndani ya chupa hutoka kwa maji ya moto na bikabonati. Chai ya maziwa iliyokwisha kuwa vuguvugu usiipashe na kuiuza tena. Inakaa katika joto ambalo vijidudu hulipenda.

Sukari iache mezani. Utaokoa fedha, na wenye kisukari watakushukuru.

Ni mjamzito na kliniki wameniambia damu yangu ni pungufu. Je, niache chai? (Msomaji, Dodoma)

Swali la kiasi gani unywe umpelekee mhudumu wako wa kliniki. Ninaloweza kukuambia ni kwamba tanini hushikana na madini ya chuma yaliyomo katika maharage, mchicha na ulezi na kuuzuia mwili usiyapate vizuri, kwa hiyo chai isinywewe pamoja na chakula wala pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Acha ipite saa moja au zaidi. Mchaichai uliochemshwa bila majani ya chai si chai hata kidogo ingawa tunauita hivyo, na unaweza kuujazia kikombe wakati unasubiri, baada ya kumwuliza mhudumu huyohuyo.