Kabla ya kununua kamera nyingine, hesabu picha ulizozifuta

Siku nilipoitoa kamera yangu mpya kwenye boksi, niliifungia lenzi ya zamani, ile ya milimita 18 hadi 55 iliyokuja na kamera ya kwanza. Sikuwa na nyingine, kwa maana fedha yote ilikuwa imeishia kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Nikapiga picha ya dirisha, nikatazama ukubwa wa faili, nikadhani kuna hitilafu. Kamera ya megapikseli 24, yaani nukta milioni 24, ilikuwa imenipa picha ya megapikseli 10.

Haikuwa mbovu. Sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ilikuwa ya milimita 36 kwa 24, na lenzi yangu ilitengenezwa kwa ajili ya sensa ndogo, ya milimita 23.5 kwa 15.6. Kamera ilipoitambua lenzi ikakata kingo zote na kubakiza kipande cha katikati ambacho lenzi ingeweza kukijaza. Kumbe nilikuwa nimemaliza akiba ya karibu miaka miwili ili nipate picha ndogo kuliko nilizokuwa nazo. Kamera ya zamani nayo ilikuwa na megapikseli 24, na zote zilikuwa zikitumika.

Nilifikaje hapo? Kwa harusi moja ya usiku. Ukumbi ulikuwa na taa hafifu za rangi, nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400, na picha zikatoka zimejaa chembechembe kama mtu amezinyunyizia mchanga. Mpiga picha mwenzangu akachungulia skrini yangu akasema, "Kaka, hiyo kamera imechoka." Maneno hayo yakanikaa kichwani. Tangu siku hiyo kila picha mbaya niliyoipiga nikaihukumu kuwa ni kosa la kamera.

Wazee husema mchagua jembe si mkulima, na wapo wanaotumia msemo huo kumnyamazisha yeyote anayeuliza kuhusu vifaa. Mimi sikubaliani nao kabisa. Mkulima anachagua jembe, tena kwa makini, ila anaanza kwa kuangalia udongo. Mimi nilikuwa sijauangalia.

Niliuangalia baadaye, wakati fedha ilikuwa imeshatoka. Nilirudi kwenye folda ya ile harusi, nikakusanya picha 140 nilizokuwa nimezitupa, nikazipitia moja moja na daftari pembeni. Kila picha niliiuliza swali moja tu: imekufa kwa ugonjwa gani? Picha 58 zilikuwa zimetikisika, kwa sababu nilipiga kwa kasi ya 1/30 ya sekunde watu wakiwa wanacheza. Picha 31 zilikuwa na mwanga mbaya, taa ya juu imeyageuza macho ya watu kuwa mashimo meusi. Katika picha 22 mtu amefumba macho, au nilibonyeza tukio likiwa limeshapita. Picha 17 fokasi ilikwenda kwenye ukuta wa nyuma. Zilizoharibika kwa chembechembe peke yake, ule ugonjwa ulionifanya ninunue kamera, zilikuwa 12. Na kati ya hizo 12, tisa niliziokoa baadaye kwa programu ya kupunguza chembechembe, kwa kuwa nilikuwa nimezihifadhi kama faili ghafi (RAW), zinazobakiza taarifa zote za sensa, na si JPEG iliyokwisha kubanwa.

Nakushauri ufanye hivyo hivyo kabla ya kuingia dukani. Usichukue picha zako nzuri, hizo hazitakuambia kitu. Chukua ulizozifuta au ulizozionea aibu, mia moja zinatosha, uandike sababu ya kila moja. Inachosha, na utajidanganya kidogo mwanzoni (mimi picha kadhaa za kutikisika nilitaka kuziandika chini ya "chembechembe"), lakini ukifika ya thelathini hivi utaanza kuona mstari.

Mstari wangu mimi ulikuwa mwanga. Lenzi ya 18-55 ya kawaida, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake la kuingizia mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba hii ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kampuni nyingi ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa wanazotengeneza, inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi ya hapo. Kuhama kutoka sensa ndogo kwenda ile kubwa kunakuongezea eneo la kupokea mwanga mara 2 na kidogo tu. Yaani nilikuwa nimeshalipa fedha nyingi kupata mara 2, wakati mara 10 ilikuwa kwenye rafu ya pembeni kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Ile 1/30 ya sekunde ingekuwa 1/250 bila kugusa ISO, na mtu anayecheza muziki kwa 1/250 anakaa vizuri tu kwenye picha.

Nisikupambie, lakini. Ukifungua tundu hadi f/1.8, sehemu iliyo kwenye fokasi inakuwa nyembamba mno. Mtu mmoja atatoka vizuri, watu wanane waliosimama kwa mistari miwili hawatatoka. Na kwenye sensa ndogo lenzi ya 50 inaona eneo finyu, kama ya 75, hivyo chumbani utajikuta umebana mgongo ukutani. Kwa picha za kundi dawa yake ni flashi, tena si ile ndogo inayochomoza juu ya kamera. Nunua flashi yenye kichwa kinachogeuka, uielekeze kwenye dari. Dari nyeupe na ya chini inageuka kuwa taa kubwa laini, na yale mashimo ya macho yanajaa. Dari ikiwa juu sana, nyeusi, au ya mbao, mbinu hii inakufa: mwanga ukisafiri umbali mara mbili unabaki robo, na rangi ya mbao itawapaka watu wote. Hapo jaribu ukuta wa pembeni.

Basi niliiuza ile bodi mpya. Ilikuwa imekaa nami miezi mitano na nilipoteza karibu theluthi moja ya bei, maana bodi hushuka thamani haraka. Lenzi nzuri hushuka polepole zaidi. Kwa kilichobaki nilinunua lenzi ya 50, flashi, betri za kuchaji, na diski mbili za nje. Kamera ile ile "iliyochoka" nikaifanyia kazi miaka mitatu mingine.

Kuhusu megapikseli nitasema machache. Picha ya megapikseli 24 ina nukta 6000 kwa 4000, na ukiichapisha kwa nukta 300 kila inchi unapata takriban sentimita 50 kwa 34. Wangapi kati ya wateja wako wanachapisha zaidi ya hapo? Ukipanda hadi megapikseli 45, upana wa picha unaongezeka kwa asilimia 37 hivi tu, ila faili zinakaribia kuwa nzito mara mbili, na kompyuta yako itaanza kukohoa. Anayepiga ndege wa mbali na kukata picha sana, au anayechapisha mabango, ana sababu. Wengine tunalipia namba.

Zile diski mbili ndizo zilizonifundisha zaidi, na hakuna anayezisifia. Nilizinunua kwa sababu mwaka uliotangulia diski yangu pekee ilianguka kutoka mezani, ikaanza kulia tik tik, na ikaondoka na picha za mahafali ya familia moja ambayo ilikuwa imeshanilipa. Nilirudisha fedha. Picha sikuweza kuzirudisha, na mama wa yule mhitimu hakunigombeza, jambo lililoniumiza kuliko kugombezwa. Kama picha zako ziko mahali pamoja tu, acha kusoma habari za kamera. Nunua diski kwanza. Nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, na moja ikae nje ya nyumba unamoishi au kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Sasa, kuna wakati kamera ndiyo jibu. Mwaka wa tatu nilirudia ile hesabu ya daftari. Picha zilizotikisika zilikuwa zimebaki chache, mwanga umetulia, lakini safu ya "fokasi imekosea" ilikuwa imejaa: watoto wanaokimbia, bibi harusi anayetembea kuja kwangu. Hapo hakuna lenzi wala flashi ya kunisaidia, kwa kuwa kamera yangu ilikuwa ya kizazi ambacho hakikujua jicho ni nini. Kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) za miaka ya karibuni hutafuta jicho zenyewe na kulifuata likitembea, na hili kwangu ndilo badiliko kubwa kuliko chembechembe zote. Sababu ya pili ilikuwa nafasi mbili za memori kadi, ili kila picha ihifadhiwe mara mbili. Anayepiga matukio yasiyorudiwa akiwa na kadi moja anacheza kamari, na mimi nilikuwa nimecheza vya kutosha.

Kabla ya kuhama, angalia kifungio cha lenzi, pale lenzi inaposhikana na bodi. Canon na Nikon zote zilianzisha vifungio vipya mwaka 2018 kwa kamera zao zisizo na kioo, RF na Z. Lenzi zao za zamani zinaingia kwa adapta, na kwa zile za Canon ziitwazo EF mambo huenda vizuri. Kwa Nikon, lenzi za zamani za AF-D zinazotegemea mota iliyo ndani ya bodi hazitafokasi zenyewe kwenye adapta ya Nikon iitwayo FTZ, kwa kuwa haina mota hiyo. Kwa upande mwingine, wanaohama wanauza lenzi zao za mfumo wa zamani kwa bei ya kutupa. Ukibaki nyuma kwa makusudi, unaweza kuokota kitu kizuri sana.

Na kama unaitaka kamera mpya kwa sababu tu unaipenda mkononi, inunue kama fedha ipo. Ila usiiandike kwenye safu ya uwekezaji. Hilo ndilo lililoniponza mimi: nilitaka, nikaita haja.

Safari ya pili sikununua moja kwa moja. Niliikodi bodi niliyokuwa nikiitaka kwa siku mbili, nikaipeleka kwenye kazi halisi. Fokasi ilikuwa kama nilivyotarajia. Jioni nikagundua kwamba moja ya kadi zake ni ya aina ambayo kisomeo changu hakiipokei, na kwamba betri moja haikufika hata saa kumi jioni kwa kazi iliyoanza asubuhi. Nikaongeza kwenye hesabu kisomeo, kadi mbili na betri mbili, nikasubiri miezi minne mingine.