Kodi ya programu (code) inakubali ila ripoti inakushinda? Fanya hivi

Pole sana mdogo wangu unayesoma kompyuta chuoni Tanga. Nimekuelewa ulivyoniandikia, kodi ya programu unakesha nayo mpaka inakubali, ila ikifika ripoti ya projekti unatoa macho tu kwenye skrini halafu unaishia kukopi vya mtandaoni. Mimi nilisoma kompyuta nikiwa nimepanga Ngamiani hapo hapo Tanga na kilichonitoa ni daftari, kila nikirekebisha kosa kwenye programu naandika mistari mitatu kwa Kiswahili cha kawaida, tatizo lilikuwa nini, nilijaribu nini, kwanini hii ndo ikakubali, mwisho wa muhula nusu ya ripoti ninayo, kazi ikabaki kuiweka kwa Kiingereza cha chuo.

Vyanzo weka kwenye Zotero, programu ya kutunza na kupanga vyanzo, toka siku ya kwanza, ni bure. Kukopi acha kabisa, ukibadili maneno mawili bila kutaja chanzo bado ni wizi na unaweza kufutiwa mtihani.

Kukesha nako punguza, Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani aliyechunguza kumbukumbu, alishaonyesha toka 1885 kwamba kurudia kwa siku tofauti tofauti kunashika kuliko kulundika siku moja. Ila kama usingizi umekata wiki kadhaa na moyo mzito, nenda kwa mshauri wa wanafunzi au hospitali, usikae nayo peke yako.