Kusoma na kuhakiki vitabu ukiwa mkutubi

Ndugu yangu, umeuliza kama anayeshinda na vitabu kazini huwa bado ana hamu ya kuvisoma arudipo nyumbani, na namna ya kuanza kuandika mapitio. Nimekuwa mkutubi kwa miaka 26 na hamu hiyo haijanipungua. Kazini hatusomi, tunaainisha, tunaazimisha na kurudisha vitabu rafuni, kiasi kwamba fasihi ya Kiswahili naijua hata kwa namba yake katika Dewey, mfumo wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba kulingana na mada, yaani 896.392, ilhali kusoma kwenyewe hungoja usiku.

Mapitio niliyaanza kwa sababu ya kanuni mbili kati ya tano za maktaba alizoziandika Ranganathan, mkutubi wa India, mwaka 1931: kila msomaji apate kitabu chake, na kila kitabu kipate msomaji wake. Huniuma sana kuona riwaya njema ikikaa miaka bila kuazimwa. Kwa hiyo soma kitabu mara mbili, ya pili ukiwa na daftari (tafadhali usiandike pembeni mwa kurasa za maktaba), kisha eleza kinamfaa nani na kwa nini, ukinukuu sentensi moja au mbili za mwandishi mwenyewe, bila kufichua mwisho wa hadithi.